Barua kwa Mama Mdogo: pumu gani hii isiyosikia dawa?

Shikamoo Mama Mdogo,

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize, na wapo wengi wanaohangaika kama wewe. Jina lako silitaji.

Pampu ya pumu umevuta mpaka umechoka, nafuu huioni. Juzi ulipopanda ngazi nilitega sikio: ule mlio wako unatoka unapovuta hewa ndani. Pumu kwa kawaida hupiga filimbi mtu anapotoa pumzi. Mlio wa kuvuta ndani hutia shaka kwamba kitu kinabana njia kubwa ya hewa, kooni au kwenye bomba la hewa lenyewe.

Bomba hilo kwa mtu mzima lina upana wa sentimita 2 hivi. Uvimbe unaweza kukua humo taratibu na usihisi chochote mpaka zaidi ya nusu ya njia izibike. Nafasi ikibaki kama milimita 8, ngazi zinakushinda. Ikifika 5, unahema hata umekaa. Eksrei ya kifua inaweza kutoka safi kabisa, ndiyo maana lile jibu la "mapafu hayana shida" halinitoshi.

Upo uvimbe usio saratani, japo ni nadra: wa mafuta, wa gegedu, wa ganda la mishipa ya fahamu, na vile vinyama vya papiloma vinavyoletwa na kirusi cha HPV aina ya 6 na 11. Hivi vya mwisho hukwaruza sauti, na vina ukaidi: vikiondolewa hurudi. Sikufichi, kwa watu wazima uvimbe wa bomba la hewa mara nyingi huwa saratani, kwa hiyo lazima kinyama kikatwe kikapimwe. Kubahatisha hakufai, na maneno ya jirani kwamba umerogwa ndiyo kabisa.

Mwambie daktari kuhusu mlio huo na umwombe rufaa kwa bingwa wa masikio, pua na koo au wa kifua. Kuna kipimo cha kupuliza, ambacho mchoro wake hulala bapa njia ikibanwa, kuna CT scan, na kuna mpira wenye kamera unaoingizwa mdomoni mpaka ndani. Uvimbe usio saratani mara nyingi huondolewa kwa njia hiyohiyo ya mdomoni, bila kupasua kifua.

Pampu usiiache mpaka daktari aseme. Ukianza kuhema umekaa, usisubiri siku ya kliniki, nenda dharura usiku huohuo.

Mwanao