Gari ndogo bado tunazihitaji

Mhariri,

Aprili 2018 kampuni ya Ford ilitangaza kuachana na magari madogo yenye buti huko Marekani, ikabakiza Mustang, ili ijikite kwenye pikapu na gari za juu zenye faida zaidi. Biashara yao. Lakini sisi wa mitumba huendesha kesho wanachonunua wenzetu leo.

Corolla yangu kuukuu inapanda Mlima Nyoka bila kulalamika, spea napata Mwanjelwa, na fundi yeyote anaijua. (Masika nikikwama njia ya shamba, majirani hucheka, na wana haki.) Gari ya juu iliyochoka naiogopa: mafuta, matairi, injini.

Naomba waandishi wenu wawaulize waagizaji: Wajapani nao wakifuata mkondo huo, bandarini Dar es Salaam tutashushiwa nini?

Msomaji wenu,
Mbeya