Michezo ya mtaani iingie kwenye vyama, ila wenyewe wasiachwe nje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nisemee hii ishu ya michezo ya vijana, skeiti, parkour (kuruka kuta na vizuizi), BMX (baiskeli ndogo za mbwembwe), breakdance na mingine ya aina hiyo, kuwekwa chini ya vyama vya michezo vya siku nyingi, maana kila ikitajwa watu wanagawanyika, wengine wanasema iingie itambuliwe na BMT, Baraza la Michezo la Taifa, wengine wanasema hizo ni starehe tu za madogo waachwe wacheze. Mimi nasema iingie. Lakini sio kichwa kichwa, tukaja kulia baadae.

Kuna walioingia vibaya. Snowboard, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na ubao mmoja, ulivyopelekwa Olimpiki ya Nagano 1998 ulikabidhiwa kwa shirikisho la ski, FIS, wakati watu wa snowboard walikuwa na shirikisho lao kabisa, basi Terje Haakonsen wa Norway, ambaye wengi walikuwa wanamuona ndo bora duniani, akagoma kwenda, na lile shirikisho lao miaka michache mbele likafa. Parkour nayo, shirikisho la jimnastiki la dunia lilipotaka kuichukua 2017 wenyewe wakaja juu, wakaunda chombo chao kinaitwa Parkour Earth. Breaking, yaani breakdance, ikaenda Olimpiki ya Paris 2024 kupitia shirikisho la dansi, lile la waltz na tango, na Los Angeles 2028 haimo.

Skateboard, ule ubao wa matairi, angalau walikaa mezani, 2017 shirikisho lao na lile la skeiti za kuvaa miguuni yakaungana ikazaliwa World Skate, mkaona Olimpiki ya Tokyo mabinti watatu wa medali za street, ule wa kurukia ngazi na reli kama za mtaani, wawili walikuwa na miaka 13 na mmoja 16. Sasa niambie, mtoto wa miaka 13 ana medali ya Olimpiki, huku kwetu nani kwenye chama anamsikiliza mtoto wa umri huo?

Tuje hapa Dar. Nenda Coco Beach jioni uwaone wale vijana wa sarakasi, wamechimbia tairi kuukuu la gari kwenye mchanga ndo springi yao, dogo anakuja mbio anakanyaga tairi anajirusha anazunguka hewani anatua wima, na pembeni kuna kaka yao anamwambia "kunja magoti mapema", huyo ndo kocha, hana cheti wala filimbi ila hakuna aliyevunjika shingo mikononi mwake. Wa skeiti nao wanaosha beringi kwa petroli, matairi yakiisha upande mmoja wanageuza, alafu wanaingia barabarani usiku pamoja na magari kwa sababu hawana pa kwenda. Hilo la magari linanitisha kwa kweli, na ndo sababu kubwa nataka watambuliwe, wapate bima, wapate helmeti, wapate sehemu.

Lakini chama cha jimnastiki kikimchukua yule dogo kikamwambia kaka yako hana cheti, kuanzia leo utafundishwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga tairi, tutakuwa tumemsaidia nani? Na breakdance ndo usiseme, ni sanaa iende BASATA, Baraza la Sanaa, au ni mchezo iende BMT? Mtu anayetaka kusajili kikundi ajue mlango ni upi, maana Dakar 2026 kuna Olimpiki ya vijana, ya kwanza kufanyika Afrika, na breaking imo.

Ombi langu kwa BMT na Kamati ya Olimpiki ni hivi, chama kikipewa mchezo wa mtaani katiba yake itaje kamati ya wachezaji wa mchezo huo, iwe na kura kwenye mkutano mkuu, sio ya kukaribishwa tu kwenye chai, na majaji watoke kwao. Wale makocha wa mchangani wapewe kozi waongezewe kwenye walichonacho, wasifukuzwe. Na wakati vikao vinaendelea jiji litufungie hata kipande kimoja cha lami Jumapili asubuhi, saa 12 mpaka saa 3 inatosha.

Mdau wa skeiti,
Magomeni, Dar es Salaam