Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Sayansi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu. Mwaka huu klabu yetu imejifunza jinsi maji yanavyopita katika mwamba wa mfinyanzi, na kwa nini Uswisi imepanga kuzika taka zake za mionzi humo.

Mheshimiwa, huko Mont Terri nchini Uswisi, karibu na mji wa St-Ursanne, kuna maabara ya utafiti ndani ya mlima, takriban mita 300 chini ya ardhi. Tangu 1996 wanasayansi wa nchi mbalimbali wanaupima humo mfinyanzi uitwao Opalinus, uliotuama baharini miaka ipatayo milioni 175 iliyopita. Tulipiga hesabu kwa kanuni ya Henry Darcy ya 1856, inayoonyesha kiasi cha maji kinachopita katika udongo au mwamba. Kimo cha maji yanayosukuma kikishuka mita 1 kwa kila mita 1 ya mwamba, eneo la mita 1 ya mraba hupitisha kama mililita 3 kwa mwaka mzima. Hazijazi hata kijiko cha chai.

Kilichotushangaza zaidi ni chumvi. Mwamba ule bado umeshika mabaki ya maji ya bahari ya kale. Chumvi ni nyingi ndani, na inapungua kuelekea tabaka za juu na za chini zinazopitisha maji. Kama maji yangekuwa yakitiririka, yangeshaisomba yote. Imekuwa ikisambaa yenyewe, polepole, kwa mamilioni ya miaka, na hakuna jaribio la binadamu linaloweza kudumu hivyo.

Hatusemi kwamba hatari imekwisha. Kuchimba handaki hupasua mwamba, ingawa mfinyanzi ukilowa huvimba na kuziba nyufa. Tena, kati ya elementi za mionzi zilizomo katika taka, mfinyanzi hunasa sana sizi (caesium), lakini iodini-129, ambayo nusu-uhai wake (muda wa nusu yake kuoza) ni karibu miaka milioni 16, huponyoka. Kwa hiyo, ingawa eneo la Nördlich Lägern, kaskazini mwa Uswisi, lilipendekezwa mwaka 2022 kuzikwa taka hizo, tunaona vipimo visikome.

Mheshimiwa, hapa shuleni tulikata chupa mbili, moja tukajaza mchanga, nyingine mfinyanzi. Kwenye mchanga maji yalipita palepale. Kwenye mfinyanzi yalipungua juu bila tone kutoka chini, na hatukuweza kujua yamepenya au yamekauka kwa jua. Tunaomba utusaidie kupata chombo kinachofungwa kabisa, chenye pampu na geji ya shinikizo, pamoja na mizani nyeti.

Tunaomba kuwasilisha.