Mteja anayetaka vyote

Mwanangu Neema,

Marahaba. Nimekuelewa. Mteja wako wa Dodoma anataka nyumba ya ghorofa, iwe imara, bei ishuke, na ahamie kabla ya Krismasi. Wala usimlaumu, hela ni yake, na kutaka hakulipiwi. Kazi yako ni kumwambia kipi kitalegezwa, tena kabla hujapokea malipo ya awali. Ukinyamaza, fundi atachagua kwa niaba yako, na mara nyingi atachagua kubana saruji.

Haraka inanunulika, ila si kila mahali. Ukiongeza mafundi, kuta zitapanda. Madirisha na grili agiza mapema, tofali zikiwa bado zinapangwa. Kwenye slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, ndipo hela inapogonga mwamba. Mafundi husema zege halilali, ni kweli, lakini likishamwagwa linataka maji na siku zake. Siku ya 7 linakuwa na kama theluthi mbili tu ya nguvu, ndiyo maana maabara huhesabu nguvu yake siku ya 28. Kwa jua na upepo wa huko, ukiliacha wazi bila kulifunika wala kulimwagilia, kesho yake utakuta nyufa nyembamba zimetambaa juu. Mteja ataiona mirunda inayoshikilia slabu imejaa chini, mafundi wa plasta hawana pa kupita, aanze kulalamika. Mwache alalamike. Mirunda haitoki mpaka injinia aseme.

Gharama nayo ina pa kukata: vigae vishuke daraja, jipsamu na uzio vingoje mwakani. Ila nondo ya milimita 12 kwenye mchoro isije ikageuka 10 ikifika dukani. Na ukimkuta mtu anatoa tofali 50 za inchi 6 kwa mfuko mmoja wa saruji, chukua moja iliyokauka, iachie kutoka usawa wa kiuno. Ikisambaratika, mwondoe saiti siku hiyo hiyo.

Halafu kuna ile ya “hapa niongezee kibaraza tu”. Hiyo imewafilisi wengi, tena wenye kazi nzuri. Andika bei yake, siku zake, atie sahihi, hata akiwa shemeji yako.

Mchanganuo wa gharama nitumie kabla hujamrudishia. Nataka kuona maboza ya maji ya kumwagilia hiyo slabu umeyawekea shilingi ngapi.

Baba yako