Kutokufa kwa kiinitete cha samaki si uthibitisho wa usalama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe hoja kuhusu upimaji wa kemikali kwa viinitete vya samaki (yaani vijusi vingali ndani ya yai), ambao siku hizi unasifiwa kana kwamba umemaliza kazi ya kutambua sumu zinazomdhuru mtoto angali tumboni.

Sifa nyingine ni za haki. Yai la samaki pundamilia, samaki mdogo mwenye milia anayetumika sana maabara, ni angavu, na chini ya hadubini moyo huonekana ukianza kudunda takribani saa 24 baada ya yai kurutubishwa, bila mama kupasuliwa. Thalidomide, dawa iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu, haikuwaletea panya wa maabara ulemavu huo. Lakini mwaka 2010 watafiti wa Japani walionyesha kuwa hudumaza mapezi ya kifuani ya samaki huyu.

Kasoro iko katika usomaji wa matokeo. Mwongozo namba 236 wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo), unaoeleza namna ya kufanya jaribio hili na uliopitishwa mwaka 2013, huweka kila kiinitete katika kishimo chake cha sahani ya maabara kwa saa 96 na kutazama mambo manne tu: yai kuganda, pingili za mwili kutojitokeza, mkia kutoachana na kiini cha yai, na moyo kutodunda. Hizo ni dalili za kifo. Kiinitete kilichopinda mgongo lakini moyo wake unadunda hakiingii katika hesabu ya vifo, ingawa ulemavu ndio hasa tunaouogopa. Isitoshe, baadhi ya kemikali huwa kali baada tu ya mwili kuzigeuza. Kemikali iitwayo alkoholi ya alili, kwa mfano, humuua samaki mkubwa kwa kiwango ambacho kiinitete hukivumilia, kwa kuwa uwezo wa kiinitete wa kuigeuza ungali mdogo.

Kwa hiyo, mamlaka zetu zinazosajili viuatilifu zikiletewa cheti cha jaribio la aina hii (ambalo kwa sheria ya Ulaya halihesabiwi hata kuwa jaribio la mnyama, maadamu samaki hajaanza kujilisha), zimtake mwombaji aeleze kama alihesabu vifo peke yake au alikagua pia umbo na mwendo wa samaki walioanguliwa, na kama kiwango cha kemikali kilipimwa ndani ya maji yenyewe au kilikadiriwa tu. Majibu hayo yachapishwe pamoja na uamuzi wa usajili, ili mabwana shamba na wauguzi wa kliniki za wajawazito wayasome.

Wako,
Mwalimu wa Biolojia,
Morogoro