Asante, mama wa Mvumi

Mama uliyenitafutia kumbukumbu za kanisa huko Mvumi, Dodoma, jina lako sikulipata, ila asante sana. Enzi za mkoloni vifo vingi vya vijijini havikusajiliwa serikalini, kwa hiyo RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, nisingetegemea kumpata baba wa babu yangu. Wewe uliuliza jina lake la ubatizo, ukafungua kitabu cha maziko cha kanisa, ukashuka na rula mstari kwa mstari, kurasa zimeliwa na mchwa pembeni, hadi tukamwona: tarehe ya kuzikwa, kijiji, na jina la baba yake. Hilo la mwisho ndilo hazina! Nyumbani tulijua tu kwamba mzee huyo aliikimbia Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo, 1917–1920. Na soda ukakataa. Shangazi zangu wa Chamwino wanakusalimu kwa Kigogo: mbukwenyi!