Klabu iandike kwanza, ndipo iseme

Mhariri,

Kila mchezaji wa Ulaya anapodaiwa kumtusi mwenzake kwa rangi, mabanda ya mpira kuanzia Majengo hadi Likoni hugawanyika kwa jezi. Huyu anaapa kuwa mtu wake kaonewa, yule ameshahukumu kabla picha hazijarudiwa. Kwa shabiki hilo lasameheka. Klabu ikifanya hivyo, humponza hata yule inayemtetea.

Kesi ya Luis Suárez, mshambuliaji wa Liverpool kutoka Uruguay aliyedaiwa kumtusi kwa rangi Patrice Evra, beki mweusi wa Manchester United, bado ni darasa tosha. Watu hukumbuka fulana: tarehe 21 Desemba 2011, siku moja baada ya Suárez kufungiwa mechi 8 na kutozwa faini ya pauni 40,000, wachezaji wa Liverpool walipasha misuli moto Wigan wakiwa na fulana zenye picha yake. Lakini anayesoma ripoti ya jopo la FA, chama cha soka cha England, kurasa zake 115, ataona kwamba maji yalikuwa yamemwagika zamani, jioni ile ile ya mechi ya Anfield, tarehe 15 Oktoba. Mkurugenzi wa soka wa Liverpool, Damien Comolli, alikuwa amesimuliwa na Suárez kwa Kihispania, akaenda kumweleza refa. Dirk Kuyt, mchezaji mwenzake, alisimuliwa kwa Kiholanzi. Walivyoelewa wote wawili, katika maneno aliyoambiwa Evra mlikuwa na "wewe ni mweusi". Mbele ya jopo, Suárez akashikilia kuwa aliuliza tu, "kwa nini, negro?", yaani "mweusi" kwa Kihispania. Upande mmoja, kauli mbili. Jopo likamwamini Evra.

Utetezi wa kwamba neno hilo ni la kawaida kule Uruguay nao haukufua dafu. Wataalamu wa lugha walikubali kuwa laweza kuwa la kirafiki, ila si katikati ya ugomvi. Mpwani yeyote analijua hilo: neno la utani barazani hubadilika likitamkwa kwa meno yaliyokazwa. Wala "tunamfahamu, si mbaguzi" haisaidii kitu. Evra mwenyewe alisema hadhani Suárez ni mbaguzi. Kilichopimwa ni maneno, si moyo.

Basi klabu ifanye nini? Kabla timu haijapanda basi, mchezaji aketi na katibu pamoja na mkalimani ambaye si mchezaji mwenzake wala kocha. Aseme alichotamka, kiandikwe kwa lugha ile ile aliyotumia, tafsiri ikae chini yake. Aisome, atie sahihi na saa. Mashahidi waandikishwe mmoja mmoja, kila mtu peke yake, maana wakishapiga gumzo safari nzima watakuwa na kumbukumbu moja ya kuazimana. Mchezaji apate wakili wake, tofauti na wa klabu, kwa kuwa kesho klabu hiyo hiyo huenda ikamwadhibu. Taarifa kwa magazeti isizidi sentensi tatu: tuhuma tumeipokea, tunashirikiana na wachunguzi, hatutasema zaidi. Asiitwe mtu mwongo.

Viongozi wengi huchanganya pia vipimo vya ushahidi. Mahakama ya jinai hutaka kosa lithibitishwe pasipo shaka yenye msingi. Jopo la soka hutazama lipi linaelekea zaidi kuwa kweli. Ndiyo maana John Terry, beki wa Chelsea aliyedaiwa kumtusi kwa rangi Anton Ferdinand wa QPR, aliachiliwa na mahakama Julai 2012, na Septemba FA ikamfungia mechi 4 na kumtoza pauni 220,000.

Kukata rufaa si dhambi. Mwaka 2024 Tottenham ilikubali kwamba mchezaji wake Rodrigo Bentancur alikosea kwa maneno ya ubaguzi juu ya mwenzake wa timu, Mkorea Son Heung-min, ikapinga tu urefu wa adhabu ya kufungiwa mechi 7. Ilishindwa, lakini haikumvunjia heshima Son, aliyekosewa. Liverpool iliomba radhi Februari 2012, baada ya Suárez kukataa kumpa Evra mkono. Jamie Carragher, mchezaji wa Liverpool wa wakati ule na mmoja wa waliovaa zile fulana, alimwomba Evra msamaha kwenye televisheni mwaka 2019.

Huku kwetu matusi mara nyingi ni ya kabila na asili, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaweka faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu kwa matamshi ya chuki. Viwanja vyetu vingi havina kamera, kwa hiyo karatasi ndiyo kila kitu. Nahodha amwambie refa papo hapo, mpira ukisimama, si baada ya kipenga cha mwisho. Refa naye asiandike "alitumia lugha chafu". Aandike neno lenyewe, dakika, na nani alikuwa karibu. Na katibu anayebeba leseni za wachezaji, katika mfuko huo huo atie karatasi tupu na kalamu mbili, ili moja ikigoma iwepo nyingine.

Mdau wa soka,
Kisauni, Mombasa